Theluji na Fukuto: Mwongozo Kamili wa Kuishi Penye Majira Yote Mawili

Kuna miji ambayo mkazi wake haulizwi kama anapenda baridi au joto. Anapewa vyote viwili ndani ya mwaka mmoja. Chicago, Montreal, Seoul na Harbin ni baadhi yake. Huko Harbin, kaskazini mashariki mwa China, wastani wa Januari huwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na Julai hupanda hadi nyuzi 23 hivi juu ya sifuri, tena mchana huzidi hapo. Nyumba ni ileile, kabati ni lilelile, na mwili nao ni uleule unaotaka kubaki kwenye nyuzi 37 mwaka mzima.

Watu hubishana ni majira gani magumu zaidi. Mimi naona baridi ni kali lakini ina dawa, ilhali fukuto huja polepole na likishaingia halina pa kulikimbilia. Kwenye theluji unaweza kuongeza nguo mpaka ushindwe kuinama. Kwenye joto, ukishavua ukafika kwenye ngozi umemaliza. Ndiyo maana baridi unaikabili kwa vifaa na maandalizi, na joto unalikabili kwa kupanga saa zako. Ila cha kuchunga ni kimoja katika yote mawili, nacho ni maji. Wakati wa baridi, jasho lililonasa kwenye fulana au theluji iliyoyeyuka ndani ya buti hukunyang'anya joto. Wakati wa fukuto, jasho lisipokauka limetoka bure. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inazunguka jambo hilo.

Hatua ya 1: Soma utabiri kwa namba inayokuhusu

Kwa majira ya baridi, usiishie kwenye nyuzi za hewa; tafuta namba inayojumlisha upepo. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ikiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi huisikia kama nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa sababu upepo unapeperusha ile hewa vuguvugu iliyokuzunguka. Namba hiyo ikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Hesabu hii ni ya ngozi tu. Bomba la maji halihisi upepo kwa namna hiyo: upepo utalipoza haraka zaidi, lakini halitakuwa baridi kuliko hewa yenyewe.

Kwa majira ya joto, asilimia ya unyevu hudanganya. Asilimia 90 alfajiri ya siku ya ubaridi si kitu. Asilimia 50 kwenye nyuzi 34 inakulowesha shati. Tazama kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa kufikia hapo, mvuke wake hugeuka matone. Chini ya 16 unapumua vizuri. Ikivuka 20 ngozi inaanza kunata. Ikifika 24 jasho linatiririka badala ya kukauka, na hapo mipango ya siku ibadilike. Kama utabiri wako hautoi namba hiyo, tumia ile ya joto linavyohisiwa: nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 70 mwili huzipokea kama nyuzi 41 hivi.

Baridi ina kipimo kingine kisichohitaji simu. Theluji inayokanyagwa ikiwa karibu na sifuri hubonyea kimya chini ya buti. Ikishuka kupita nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, inaanza kulia, krii-krii, kila unapotua mguu. Ukisikia mlio huo mlangoni, rudi ndani ukachukue skafu.

Hatua ya 2: Vaa kwa tabaka, na ujue kazi ya kila tabaka

Tabaka la ndani kazi yake ni kuondoa jasho kwenye ngozi: sufu nyembamba au kitambaa cha nailoni au poliesta kinachobana kidogo. Pamba usiiweke hapa. Ikilowa hukaa na maji, na maji hupitisha joto haraka kuliko hewa, kwa hiyo fulana ya pamba iliyolowa jasho ni afadhali usingeivaa. Tabaka la kati ndilo linalohifadhi joto, kwa kunasa hewa: sweta la sufu, au koti jepesi lililojazwa manyoya. La nje ni la kuzuia upepo na theluji. Halihitaji kuwa nene. Linahitaji lisipitishe upepo na liwe pana kiasi cha kutobana yaliyo ndani, maana manyoya yaliyobanwa hayana hewa, na yasiyo na hewa hayana joto.

Kosa la wageni wa baridi si kuvaa kidogo. Ni kuvaa sana kisha kutembea haraka. Ukitoka mlangoni ukiwa umepata joto la kutosha kabisa, baada ya mwendo mfupi utakuwa umeloa mgongo, na utakaposimama kituoni kungoja basi, jasho hilo litageuka barafu ya kukuchoma. Toka ukisikia kibaridi kidogo. Unapoanza kupata joto, fungua zipu ya shingoni *kabla* jasho halijaja, vua kofia, legeza skafu. Ukisimama, funga tena. Wenyeji hufanya hivi bila kufikiri, na ndicho ninachokushauri ujifunze mapema kuliko jina la koti lolote.

Fedha ikiwa haitoshi, anza na buti. Nunua zinazobaki na nafasi ya kuchezesha vidole ukiwa umevaa soksi nene ya sufu. Buti inayobana huzuia damu, na mguu usiopata damu hupoa hata kwenye ngozi ya kondoo. Soli iwe nene na ya mpira laini. Mkononi, glovu zenye mfuko mmoja kwa vidole vinne na gumba peke yake hupasha kuliko zile zinazotenganisha kila kidole. Kila jioni toa soli za ndani za buti, zisimamishe pembeni, na sokomeza karatasi ya gazeti ndani ya buti mpaka kwenye ncha ya vidole. Usiziweke juu ya hita. Gundi huachia na ngozi hukakamaa. Asubuhi karatasi itakuwa imelowa, buti imekauka.

Hatua ya 3: Jifunze upya kutembea, na kuheshimu chepe

Theluji mpya haitelezi sana. Kinachoangusha watu ni ile iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku, na barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami, ambayo huonekana kama pamelowa tu. Piga hatua fupi, tua unyayo mzima, egemeza uzito kwenye mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Ndiyo, utaonekana kama pengwini. Kwenye ngazi, shika reli ya pembeni hata kama wewe ni kijana.

Mwaga chumvi mapema, kabla theluji haijashindiliwa. Chumvi ya kawaida hufanya kazi vizuri hadi karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Zaidi ya hapo inabaki chumvi tu juu ya barafu, na ni heri mchanga, ambao hauyeyushi chochote lakini unaupa mguu pa kushika.

Kuhusu chepe, watu hulidharau. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya na kavu ina kilo 50 hadi 100. Iliyolowa inaweza kupita kilo 300. Kuinua uzito huo asubuhi, katika baridi inayobana mishipa ya damu, ni mzigo mkubwa kwa moyo, na kila majira ya baridi kuna watu wanaopata mshtuko wa moyo wakisafisha njia ya kuingilia kwao. Pasha mwili kwanza ndani, sukuma theluji badala ya kuinyanyua, chota kidogo, pumzika. Mwenye ugonjwa wa moyo amwachie mwingine, na maumivu yoyote ya kifua yamalize kazi hapohapo.

Hatua ya 4: Funga nyumba, lakini usiizibe pumzi

Pitisha mkono uliolowa maji kando ya fremu za madirisha na chini ya mlango siku yenye upepo. Utasikia hewa inapopenya. Ziba kwa ukanda wa sponji, na mlangoni weka kitambaa kilichoviringishwa. Mapazia mazito yafungwe jua likizama na yafunguliwe upande wa jua mchana.

Hewa ya ndani itakuwa kavu mno. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri haibebi mvuke mwingi hata ikiwa imeshiba, na ukiiingiza ndani na kuipasha hadi nyuzi 20, unyevu wake hushuka kati ya asilimia 10 na 15. Ndipo midomo inapopasuka, pua inatoka damu, na kila kitasa kinakupiga shoti. Lenga asilimia 30 hadi 40 kwa mashine ya kuongeza unyevu, au anika nguo ndani. Dirisha ndilo litakalokuambia umepitiliza: likianza kutoa matone kwa ndani, punguza, maana maji hayo hushuka kwenye fremu na kuotesha kuvu.

Mabomba hupasuka kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na hayana pa kwenda. Usiku wa baridi kali, fungua milango ya kabati iliyo chini ya sinki ili joto la chumba liyafikie, na acha koki iliyo kwenye ukuta wa nje idondoshe tone tone. Ukisafiri usizime hita; iache angalau nyuzi 13. Na leo, si siku ya ajali, tafuta ilipo koki kuu ya nyumba na uhakikishe inazunguka. Bomba likiganda, fungua koki yake kisha lipashe kwa mashine ya kukaushia nywele kuanzia upande wa koki. Usitumie moto.

Sasa hili ni la kufa na kupona. Jiko la mkaa, jiko la gesi la kambi na jenereta visiwashwe ndani, wala kwenye gereji hata mlango ukiwa wazi. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayompeleka mtu usingizini asiamke. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi wake ukielekea mbali na madirisha. Weka kengele ya kutambua gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala. Kichwa kikiwauma watu wote nyumbani kwa wakati mmoja, na kikapoa mkitoka nje, msirudi ndani. Piga simu ya dharura.

Hatua ya 5: Gari

Tairi za majira ya baridi zifungwe joto likianza kukaa chini ya nyuzi 7, hata kama theluji haijaonekana, kwa kuwa mpira wa tairi za kawaida hukakamaa hapo. Ndani weka blanketi, chepe dogo, tochi, maji na nguo kavu. Ukikwama kwenye dhoruba, baki garini. Toka tu kuondoa theluji iliyoziba bomba la moshi kila kabla ya kuwasha injini, kisha iwashe dakika 10 hivi kila saa, dirisha likiwa limefunguliwa kidogo.

Hatua ya 6: Jua baridi inapoanza kushinda

Kwenye vidole, masikio na pua, anza kuogopa pale maumivu yanapoisha. Ngozi iliyoanza kuganda hufa ganzi na kuwa ngumu kama nta; kwenye ngozi nyeupe hupauka, kwenye ngozi nyeusi huwa ya kijivu, kwa hiyo gusa, usitegemee macho. Usisugue, na usipake theluji, ushauri wa kale usiofaa. Ingia ndani, tumbukiza kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, na maji yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko kwa sababu wewe husikii. Kama hatari ya kuganda tena ipo, usiyeyushe mpaka ufike mahali salama.

Mwili mzima ukishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, anajikwaa, maneno yanamkwama, anaanza kubishana kwamba hana shida. Kutetemeka kukikoma bila yeye kupata joto, hali imekuwa mbaya zaidi. Mvue nguo zilizolowa, mfunike kuanzia kifuani, mpe kinywaji cha moto chenye sukari akiwa na fahamu, na uite msaada. Pombe hapana: hufungua mishipa ya ngozi, anajisikia moto huku joto la ndani likimtoka.

Giza nalo lina gharama. Mbali na ikweta jua la majira ya baridi ni fupi na liko chini, ngozi haitengenezi vitamini D ya kutosha, na wenye ngozi nyeusi hupungukiwa zaidi. Omba kupimwa kabla ya kujinunulia vidonge. Toka nje mchana, hata kukiwa na mawingu. Huzuni ikidumu wiki na wiki, ipelekwe kwa daktari, kwani ina matibabu, ikiwemo taa maalumu ya mwanga mkali wa asubuhi.

Hatua ya 7: Uzoeshe mwili joto kabla halijakubana

Tukigeukia fukuto, jambo la kwanza ni kukubali kuwa mwili uliotoka kwenye baridi haujui tena kutoa jasho vizuri. Huhitaji wiki moja hadi mbili. Katika muda huo unaanza kutoa jasho mapema zaidi na lenye chumvi pungufu. Wanaofanya kazi za jua hushauriwa waanze na asilimia 20 ya muda wa kawaida siku ya kwanza, waongeze asilimia 20 kila siku. Ndiyo maana wimbi la joto la mwanzo wa majira huumiza watu kuliko la mwisho, hata nyuzi zikilingana, na ndiyo maana mtu wa pwani za joto aliyekaa miezi ya theluji naye huugua. Kuzaliwa kwenye joto hakumkingi aliyekwisha kuizoea baridi.

Kazi nzito ziende alfajiri. Jioni si salama kama inavyoonekana, kwani kuta na lami zimehifadhi joto la siku nzima na zinalirudisha.

Hatua ya 8: Poza nyumba kwa kuikausha

Funga madirisha na mapazia upande wa jua asubuhi, kabla chumba hakijapata joto. Kinga ya nje, kama turubai au vibao vya dirishani, hushinda pazia, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia.

Kisha kuna mtego wa chumba cha chini ya ardhi. Siku ya fukuto watu hufungua madirisha yake "kipate hewa". Hewa hiyo ina kiwango cha umande cha nyuzi 22, na ukuta wa zege kule chini una nyuzi 18. Inapogusa ukuta inaacha maji yake pale, vilevile bilauri ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Wiki moja baadaye masanduku yananuka. Fungua tu wakati hewa ya nje ina kiwango cha umande kilicho chini ya nyuzi za ukuta. Vinginevyo funga, washa mashine ya kupunguza unyevu, na uubakishe chini ya asilimia 50. Kitu kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu isipate nafasi.

Kiyoyozi kikubwa kuliko chumba si faida. Hupoza haraka na kuzima kabla hakijakausha hewa, ukabaki kwenye chumba baridi chenye majimaji. Safisha chujio mara kwa mara na hakikisha bomba la kutolea maji halijaziba. Ukikiweka nyuzi 27 na kuwasha feni, mwili huhisi kama ni nyuzi nne pungufu, na umeme unapumua. Feni peke yake inafaa mpaka hewa ya chumba ifike nyuzi 40 hivi. Hapo inakupepea moto. Kama huna kiyoyozi, lowesha ngozi na shati kisha ukae mbele ya feni, na mchana nenda ukakae saa chache mahali palipopozwa. Usiku ndio muhimu zaidi: mwili usiopumzika usiku huanza siku inayofuata ukiwa na deni.

Hatua ya 9: Maji, nguo na wanaosahaulika

Ukifanya kazi kwenye joto, kunywa glasi moja kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu, lakini usizidishe lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi mno hupunguza chumvi ya damu. Jasho likiwa la saa nyingi, rudisha chumvi kwa chakula au maji ya chumvi na sukari ya dukani. Anayetumia dawa za presha, za kukojosha au za akili amuulize daktari, kwa kuwa baadhi huvuruga jasho au maji ya mwili. Nguo ziwe pana na nyepesi. Hapa pamba imesamehewa.

Gari lililofungwa juani hupanda karibu nyuzi 10 ndani ya dakika 10. Hakuna "nashuka mara moja" kwa mtoto au mnyama aliye ndani.

Mtu aliyechoka kwa joto hutokwa na jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu: mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji. Akianza kuchanganyikiwa, kuanguka au kupoteza fahamu, hiki ni kiharusi cha joto, na mwili umefika nyuzi 40 au zaidi. Ita gari la wagonjwa, na usingoje lifike ndipo uanze kumpoza: mtumbukize kwenye maji baridi kama yapo na kuna wa kumshikilia, au mmwagie mwili mzima na kumpepea. Jasho kuwepo au kutokuwepo kusikupotoshe. Angalia akili yake.

Wimbi la joto la Julai 1995 mjini Chicago liliua zaidi ya watu 700, wengi wao wazee walioishi peke yao. Mpigie jirani wa hivyo asubuhi na jioni, na usiridhike na "mimi sijambo" ya kwenye simu. Ingia, shika mkono wake, tazama kama feni inafanya kazi na madirisha yanafunguka.

Hatua ya 10: Miezi ya kubadilishana

Makoti ya sufu yafuliwe na yakauke kabisa kabla ya kuhifadhiwa, kwani nondo hupenda sufu yenye jasho. Usiyafunge kwenye nailoni yakiwa na unyevu. Kiyoyozi kijaribiwe kabla ya joto, hita kabla ya baridi, mafundi wakiwa bado wanapokea simu. Betri za kengele zibadilishwe siku hiyohiyo. Mwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo na vyungu kila wiki msimu mzima wa joto, maana mbu hawahitaji zaidi ya hapo kukamilisha kizazi. Na kabla ya usiku wa kwanza wa kuganda, chomoa mpira wa bustani, funga maji ya koki ya nje kutokea ndani, kisha iache koki yenyewe wazi ili tone lililobaki liwe na pa kutokea.